Shaba na Hewa Ukaa: Jinsi Vichocheo Vinavyobuniwa ili Kugeuza Gesi ya Moshi Kuwa Fueli

1. Utangulizi

Kila moto unaowashwa, uwe wa makaa ya miti jikoni, wa dizeli ndani ya lori, au wa makaa ya mawe katika kituo cha umeme, huacha nyuma yake gesi ileile: kaboni dioksidi, ambayo wengi huiita hewa ukaa. Kabla ya mapinduzi ya viwanda ya Ulaya, katika kila molekuli milioni moja za hewa zilikuwamo takriban 280 za gesi hiyo. Kufikia mwaka 2024 idadi hiyo ilikuwa imepita 420. Kwamba ongezeko hilo linaipasha dunia joto ni jambo lililokwisha kuthibitishwa. Linalobaki ni kujua la kufanya.

Miongoni mwa majibu yanayotafutwa, kuna moja lenye mvuto wa pekee, kwa kuwa linafanana na kuurudisha moto nyuma. Hewa ukaa inakusanywa, inaingizwa katika maji, umeme unapitishwa, na kinachopatikana ni fueli, yaani kitu kinachoweza kuchomwa upya ili kitoe nishati. Kufanya hivyo kunawezekana, na kwa kiasi kidogo kulikwisha kufanyika maabara tangu karne ya 19. Ugumu ni kukifanya kitendo hicho kwa umeme usio mwingi kupita kiasi, kwa kasi ya kutosha, na kupata zao moja linalotakiwa badala ya mchanganyiko wa vitu kumi au kumi na tano. Mambo hayo matatu yanategemea kitu kimoja, nacho ni kichocheo.

Makala haya yanakusudia kueleza kichocheo hicho hufanya kazi gani, kwa nini metali moja tu kati ya zote zilizojaribiwa, yaani shaba, ndiyo iliyopewa nafasi ya kwanza, ni kwa njia zipi watafiti wanaurekebisha uso wake, na hatimaye hesabu ya nishati inasema nini juu ya matumaini hayo. Suala hilo lina uzito wake kwa msomaji wa Katanga, mkoa ambao toka 1971 hadi 1997 uliitwa Shaba, na kwa nchi ambayo mwaka 2024 ilichimba zaidi ya tani milioni 3 za metali hiyo na kushika nafasi ya pili duniani baada ya Chile.

2. Neno "kichocheo" na mipaka yake

Neno kichocheo limetokana na kitenzi kuchochea, ambacho maana yake ya asili ni kusukuma kuni ndani ya moto ili uwake vizuri zaidi. Ni neno zuri, lakini linaweza kumpotosha mwanafunzi kwa namna mbili. Kwanza, kuni zinazosukumwa huteketea, ilhali kichocheo cha kemia hakiliwi na mmenyuko. Kinashiriki katika kila hatua, kisha kinarudi kama kilivyokuwa. Pili, mchochea moto huongeza nishati, ilhali kichocheo hakiongezi nishati yoyote. Kinachofanya ni kufungua njia nyepesi zaidi kati ya vitu vinavyoanza na vitu vinavyotokea. Mlima ukiwa kati ya vijiji viwili, kichocheo hakibadilishi kimo cha kijiji hiki wala cha kile. Kinaonyesha tu kipito kilicho chini kuliko kilele.

Katika suala la hewa ukaa, tofauti hiyo haina budi kukumbukwa. Hakuna kichocheo, hata kiwe bora namna gani, kitakachoifanya hewa ukaa itoe nishati yenyewe. Hewa ukaa ni kama jivu: ni kaboni iliyokwisha kuungua. Nishati iliyotoka wakati wa kuungua lazima irudishwe yote, na umeme ndio unaoirudisha. Kazi ya kichocheo ni kuzuia kisipotee zaidi ya hicho.

Mwaka 1912 Mfaransa Paul Sabatier alipewa tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi yake juu ya vichocheo vya metali. Kanuni inayobeba jina lake inasema kwamba kichocheo chema hushika molekuli kwa nguvu ya wastani. Kikishika kwa ulegevu, molekuli huondoka kabla ya kubadilika. Kikishika kwa nguvu mno, molekuli haiondoki tena na uso wa kichocheo unaziba. Kanuni hiyo fupi ndiyo itakayoongoza sehemu kubwa ya maelezo yanayofuata.

3. Kutoka Shituru hadi maabara

Chombo kinachotumika kugeuza hewa ukaa hakitamshangaza mtu aliyewahi kuzuru kiwanda cha elektrolisisi. Huko Likasi, kiwanda cha Shituru kilianza kazi mwaka 1929. Katika utaratibu wa aina hiyo, madini ya shaba huyeyushwa kwa asidi ya salfuriki, kisha umeme hupitishwa katika mmumunyo huo kati ya bamba mbili. Kwenye bamba hasi, yaani kathodi, ioni za shaba hupokea elektroni na kuwa metali. Kwenye bamba chanya, yaani anodi, maji hupasuliwa, oksijeni hutoka, na elektroni huingia katika waya ili zizunguke tena.

Katika chombo cha kugeuza hewa ukaa, upande wa anodi unabaki vilevile: maji hupasuliwa na oksijeni hutoka. Tofauti iko kwenye kathodi. Hapo shaba imekwisha kuwa bamba, nayo hewa ukaa ndiyo inayokuja kupokea elektroni pamoja na hidrojeni itokayo katika maji. Idadi ya elektroni zinazopokewa huamua zao linalopatikana. Zikipokewa elektroni 2, huzaliwa kaboni monoksidi au fomati, ambayo ni chumvi ya asidi ya fomiki. Zikipokewa 8, huzaliwa methani, gesi inayotolewa pia na Ziwa Kivu. Zikipokewa 12 na molekuli mbili za hewa ukaa kwa pamoja, huzaliwa ethilini, ambayo viwanda huitumia kutengenezea plastiki, au ethanoli, kileo kilekile kilichomo katika pombe iliyokenekwa kama lutuku.

Kuna pia mshindani. Maji yenyewe yanaweza kupokea elektroni na kutoa hidrojeni, nayo yapo kwa wingi usiolinganishika. Katika joto la nyuzi 25 na kanieneo ya kawaida, lita moja ya maji huyeyusha takriban gramu 1.5 tu za hewa ukaa. Hiyo ni sawa na molekuli moja ya hewa ukaa kwa kila molekuli zaidi ya 1,600 za maji. Kichocheo kinachotafutwa hakina budi kumtambua mgeni mmoja katika umati huo na kuwaacha wenyeji wapite.

Kipimo cha mafanikio huitwa ufanisi wa Faraday, kwa heshima ya Michael Faraday, Mwingereza aliyetunga kanuni za elektrolisisi katika miaka ya 1830. Ufanisi huo ni asilimia ya elektroni zilizoingia katika zao linalotakiwa. Elektroni 100 zikipita, na 30 kati yake zikaenda katika ethilini, ufanisi wa ethilini ni asilimia 30, na 70 zilizosalia zimelipia vitu vingine.

4. Ugunduzi wa Chiba

Mwaka 1985, Yoshio Hori na wenzake wa Chuo Kikuu cha Chiba, Japani, walitoa matokeo ya majaribio ambayo yaliuweka upya uwanja mzima. Walichukua metali mbalimbali, wakazifanya kathodi katika mmumunyo wa hidrojenikaboneti, wakaijaza mmumunyo hewa ukaa, na kupima kwa uangalifu kila kilichotoka. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, na jedwali walilolichapisha mwaka 1994 limekuwa la kurejelewa hadi leo. Kwa mujibu wa jedwali hilo, metali hugawanyika katika makundi manne.

Kundi la kwanza hutoa fomati. Humo zimo risasi, zebaki, indi, bati na kadmi. Risasi iliipatia fomati zaidi ya asilimia 97 ya elektroni. Metali hizi hazikishikilii vema kipande cha kaboni, na kwa hiyo kinaondoka mapema.

Kundi la pili hutoa kaboni monoksidi: dhahabu kwa asilimia 87 hivi, fedha kwa asilimia 81 hivi, pamoja na zinki. Hapa hewa ukaa hushikwa kiasi cha kuvuliwa oksijeni moja, lakini kaboni monoksidi inayozaliwa huachiwa mara moja.

Kundi la tatu, lenye platini, nikeli na chuma, hutoa karibu hidrojeni tupu. Metali hizo huishika kaboni monoksidi kwa nguvu nyingi hata uso wao ukafunikwa nayo, na kinachoendelea ni kupasuka kwa maji tu.

Kundi la nne lina metali moja peke yake. Shaba ilitoa methani kwa asilimia 33 hivi, ethilini kwa asilimia 25 hivi, ethanoli kwa takriban asilimia 6, na vingine vidogovidogo. Hidrojeni ilichukua asilimia 20 tu. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walichunguza zaidi wakahesabu mazao 16 tofauti yanayotoka juu ya shaba ya kawaida.

Matokeo hayo yalikuwa na sura mbili. Kwa upande mmoja, yalionyesha kwamba fueli za kweli zinaweza kutengenezwa kwa umeme na maji katika joto la kawaida. Kwa upande mwingine, yalionyesha kwamba shaba, ikiachwa ilivyo, haina uteuzi. Tangu hapo, kubuni vichocheo vya kazi hii kumekuwa kwa sehemu kubwa ni kuifundisha shaba kuchagua.

5. Kwa nini shaba?

Jibu linapatikana katika kanuni ya Sabatier. Njia ya kuelekea methani, ethilini au ethanoli hupita karibu kila mara kwenye kaboni monoksidi iliyoshikamana na uso wa metali. Dhahabu na fedha huiachia mapema. Platini na nikeli haziiachii kamwe. Shaba huishika vya kutosha ili hidrojeni ipate nafasi ya kuungana nayo, au ili molekuli mbili zilizo jirani ziungane kaboni kwa kaboni. Wakati huohuo, shaba huishika hidrojeni kwa ulegevu, na hivyo haina haraka ya kupasua maji. Mwaka 2017 Alexander Bagger na wenzake wa Chuo Kikuu cha Copenhagen waliziweka metali zote katika mchoro mmoja kwa kufuata vipimo hivyo viwili, yaani nguvu ya kushika kaboni monoksidi na nguvu ya kushika hidrojeni. Shaba ilisimama peke yake katika pembe inayofaa.

Hata hivyo, nafasi hiyo nzuri haikosi gharama. Hatua ngumu kuliko zote ni ile ya kuipa kaboni monoksidi atomu ya kwanza ya hidrojeni. Mwaka 2010, kundi la Jens Nørskov lilionyesha kwa hesabu za kompyuta kwamba hatua hiyo ndiyo inayodai volti nyingi za ziada juu ya zile ambazo nadharia inazitaka. Kwa nini basi isitafutwe metali inayokishika vizuri zaidi kile kipande kinachotokea baada ya hatua hiyo? Kizuizi ni kwamba vipande vyote viwili, cha kabla na cha baada, hushikwa kupitia kaboni ileile. Metali inayokaza mmoja hukaza na wa pili. Umbali kati yao haupungui. Watafiti huuita uhusiano huo sheria ya ulinganifu, na kuubuni upya uso wa shaba ni kutafuta namna ya kuikwepa.

Viumbe hai vilikwisha kuikwepa. Baadhi ya bakteria wana kimeng'enya chenye nikeli na chuma ambacho hubadili hewa ukaa kuwa kaboni monoksidi bila karibu volti yoyote ya ziada. Siri yao ni kwamba molekuli haishikwi mahali pamoja: atomu moja ya metali hushika kaboni, na nyingine, pamoja na sehemu za protini zilizo karibu, hushika oksijeni. Funzo hilo limewaelekeza wabunifu wengi.

6. Njia za kuurekebisha uso

Njia ya kwanza ni mpangilio wa atomu. Shaba ni fuwele, na fuwele ikikatwa kwa mielekeo tofauti huonyesha nyuso tofauti. Uso ambao atomu zake zimejipanga kwa miraba hupendelea ethilini. Uso ambao atomu zake zimejipanga kwa pembetatu hupendelea methani. Hori na wenzake walilithibitisha jambo hilo kwa fuwele moja moja zilizokatwa kwa uangalifu. Metali ni ileile, lakini kwa kubadilisha umbali na idadi ya majirani wa kila atomu, zao hubadilika. Kutokana na hayo, vipo vichocheo vilivyotengenezwa kwa chembe ndogondogo za shaba zenye umbo la mchemraba, ili nyuso za miraba ziwe nyingi.

Njia ya pili ni kupitia oksidi. Mwaka 2012, Christina Li na Matthew Kanan wa Stanford waliichoma shaba hewani hadi ikafunikwa na tabaka nene la oksidi, kisha wakaiondoa oksidi hiyo kwa umeme. Shaba iliyobaki ilikuwa na mipaka mingi kati ya vipande vya fuwele, na iliigeuza hewa ukaa kwa volti za ziada chache kuliko shaba laini. Mwaka 2014 kundi hilo lilionyesha kwamba shaba ya namna hiyo hugeuza kaboni monoksidi kuwa ethanoli na vitu vingine vyenye kaboni mbili. Kasoro ndogo za uso, ambazo fundi wa metali angezihesabu kuwa ila, zilikuwa ndizo mahali pa kazi.

Njia ya tatu ni kuipa shaba jirani. Mahali ambapo atomu ya metali nyingine imekaa kando ya shaba, molekuli inaweza kushikwa na mikono miwili, kama ilivyo katika kimeng'enya. Lakini michanganyiko inayowezekana ni mingi mno kujaribiwa mmoja mmoja. Mwaka 2020, watafiti wa Carnegie Mellon, Marekani, na wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, walizipa kompyuta orodha ya fuwele 244 zenye shaba ndani yake, wakaiachia programu inayojifunza iamue ni nyuso zipi zikadiriwe kwanza. Aloi ya shaba na alumini ndiyo iliyojitokeza. Ilipotengenezwa na kupimwa, ilitoa ethilini kwa ufanisi wa Faraday uliozidi asilimia 80, chini ya mkondo wa miliampia 400 kwa kila sentimita mraba. Katika majaribio ya mwanzo ya Chiba mkondo ulikuwa miliampia 5 tu.

Kupanda huko kwa mkondo hakukuletwa na kichocheo peke yake, bali pia na njia ya nne, ambayo ni kubadilisha mahali kinapofanyia kazi. Maadamu hewa ukaa ililazimika kuyeyuka kwanza katika maji, kasi ilibaki ndogo. Siku hizi kichocheo hupakwa juu ya utando wenye vinyweleo usiolowa maji: gesi huja kwa nyuma, maji hukaa mbele, nazo hukutana juu ya tabaka jembamba la shaba. Mwaka 2018, Cao-Thang Dinh na wenzake wa Toronto walitumia elektrodi ya aina hiyo pamoja na mmumunyo mkali wa hidroksidi ya potasi. Walipata ethilini kwa asilimia 70, na chombo chao kilidumu kwa saa 150. Hata aina ya ioni zilizomo katika mmumunyo ina uzito wake, kwani potasi na sesi husaidia zaidi kuliko lithi.

7. Vizuizi viwili vya ukaidi

Kizuizi cha kwanza kimo katika kemia ya mmumunyo. Kila hewa ukaa inapopokea elektroni, hidroksidi huzaliwa kando ya kathodi. Hidroksidi hiyo huidaka hewa ukaa nyingine ambayo ilikuwa ikisubiri zamu yake, na kuigeuza kaboneti. Kwa ethilini, hesabu ya kemia inaonyesha kwamba katika mmumunyo usio na asidi, si zaidi ya robo ya hewa ukaa inayoweza kuishia katika zao. Robo tatu hupotea katika kaboneti, na kuirudisha kunadai nishati nyingine. Mwaka 2021 watafiti wa Toronto walionyesha kwamba kazi inaweza kufanyika katika asidi kali, mradi ioni za potasi zikusanywe karibu na shaba, na wakatumia hadi asilimia 77 ya hewa ukaa kwa mpito mmoja. Kabla ya hapo wengi walidhani kwamba asidi ingetoa hidrojeni tu.

Kizuizi cha pili ni uhai wa kichocheo. Shaba chini ya umeme haitulii: atomu zake huhama, michemraba hupoteza pembe zake, chembe ndogo huungana. Zaidi ya hayo, Hori alionyesha kwamba athari ndogo sana za chuma na zinki zilizomo katika chumvi za maabara hujipaka juu ya shaba na kuinyima uwezo wake kwa muda mfupi. Suala hili la usafi linajulikana vizuri kwa mafundi wa elektrolisisi ya shaba, ambao kazi yao ya kila siku ni kuzuia metali ngeni zisiingie katika kathodi. Saa 150 ni jambo kubwa kwa maabara. Kwa kiwanda, ambacho huhesabu kwa miaka, bado ni mwanzo.

Kwa sababu ya vizuizi hivyo, baadhi ya viwanda vimechagua njia ya hatua mbili. Kathodi ya fedha, ambayo uteuzi wake ni mzuri, hutoa kaboni monoksidi. Kisha njia nyingine hukamilisha kazi. Huko Marl, Ujerumani, makampuni ya Siemens na Evonik yalizindua mwaka 2020 mtambo wa majaribio ambamo kaboni monoksidi na hidrojeni zilizotokana na umeme hulishwa bakteria wanaotengeneza alkoholi.

8. Hesabu ya nishati

Chukuliwe mfano wa kilo moja ya ethanoli. Kwa kanuni za Faraday, kilo hiyo inadai takriban ampia-saa 7,000. Kilo moja ya shaba katika kiwanda cha elektrolisisi inadai kama 840 tu. Kwa uzito ulio sawa, basi, ethanoli hula elektroni mara nane zaidi ya shaba.

Nadharia inaruhusu chombo kifanye kazi kwa volti 1.14, na hapo kilo moja ya ethanoli ingegharimu kilowati-saa 8, karibu sawa na joto itakalotoa ikichomwa. Lakini ikiwa chombo kinahitaji volti 3, gharama inapanda hadi kilowati-saa 21, hata kama hakuna elektroni hata moja iliyopotea. Nusu ya elektroni zikienda katika mazao mengine, gharama ni 42. Tofauti yote kati ya 8 na 42 ni eneo la kazi ya mbunifu: volti za ziada anazoziondoa na uteuzi anaouongeza. Vichocheo bora haviwezi kushuka chini ya 8. Huo ni ukuta wa maumbile.

Hesabu ya pili ni ya hewa ukaa yenyewe. Kilo moja ya ethanoli humeza kilo 1.9 za hewa ukaa wakati wa kutengenezwa. Umeme wa makaa ya mawe hutoa karibu kilo 1 ya hewa ukaa kwa kila kilowati-saa. Kwa hiyo, ethanoli iliyotengenezwa kwa kilowati-saa 21 za umeme huo itakuwa imetoa takriban kilo 20 ili kumeza chini ya 2. Mtambo wa namna hiyo ungekuwa kiwanda cha kuongeza ugonjwa kwa jina la dawa. Ni umeme wa maji, wa jua, wa upepo au wa nyuklia tu unaoweza kuipa kazi hii maana.

Hapo swali linaigusa Kongo moja kwa moja. Karibu umeme wake wote hutoka katika maporomoko ya maji: Inga upande wa magharibi, na Mwadingusha, Koni, Nzilo na Nseke huku Katanga. Ni umeme safi. Lakini karibu mtu mmoja tu kati ya watano nchini ndiye anayeufikia, na wengine hupikia kuni na makaa ya miti. Kutumia kilowati-saa 21 ili kupata fueli yenye 8, huku jiko la umeme lingezitumia zilezile kupika bila hasara kubwa na kuokoa miti, hakuwezi kutetewa. Fueli za namna hii zitakuwa na haki pale ambapo waya haufiki: ndege za masafa marefu, meli za baharini, na malighafi za viwanda vya kemikali ambavyo leo hutegemea petroli. Zitakuwa na haki pia pale ambapo umeme uliokwisha kuzalishwa hauna mtumiaji kwa saa fulani.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba kichocheo hakiumbi nishati; hupunguza upotevu wake na kuamua zao. Imeonekana pia kwamba shaba imepewa nafasi yake na nguvu ya wastani ambayo kwayo huishika kaboni monoksidi, na kwamba miaka 40 ya utafiti tangu Chiba imekuwa ni kazi ya kuupanga upya uso wake, atomu kwa atomu, pamoja na mazingira yanayouzunguka. Maendeleo ni ya kweli: kutoka miliampia 5 hadi mamia, na kutoka asilimia 25 ya ethilini hadi zaidi ya 80. Vizuizi navyo ni vya kweli: uhai mfupi, upotevu katika kaboneti, na bei ya umeme.

Isidhaniwe kwamba ufanisi wa vichocheo hivi utainua mauzo ya shaba ya Katanga. Tabaka la shaba lenye unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita, likitandazwa juu ya mita mraba moja, lina uzito wa gramu 9 hivi. Kiasi hicho hakiwezi kuhisiwa katika nchi inayohesabu mamilioni ya tani. Thamani yake yote iko katika kujua atomu zikae wapi, na ujuzi huo hauchimbwi ardhini. Hupatikana katika maabara, katika madarasa ya kemia na ya metalojia, na kwa wanafunzi wanaoweza kuyajadili mambo hayo kwa lugha wanayoimudu. Vyuo vya Katanga, vilivyo jirani na elektrolisisi ya karibu karne moja na mafundi wanaoijua kathodi kwa mikono yao, havianzi kazi hiyo kutoka sifuri.